Mwaka Niliosimama Juu ya Mizani ya Iyula

Nilipokuwa kijana niliamini, bila hata chembe ya shaka, kwamba kule Iyula palikuwa na mizani ya kahawa inayowajua waongo. Simaanishi mfano. Nasema mizani yenyewe, ya chuma, yenye jukwaa la mbao chini na mkono mrefu juu. Mkulima akificha mawe ndani ya gunia, mizani inakataa. Akiilowesha kahawa yake ipate uzito, mizani inatetemeka kama mbwa aliyenyeshewa. Na kwa kuwa sisi tuliorudi kutoka Rodeshia, upande ambao leo ni Zambia, tulijulikana, toka Mbebe milimani mpaka Mbangala bondeni, kwamba tunadanganya kuliko wauza dawa wa mnadani, kamati ya shule ilikuwa imeamua kwamba mwalimu yeyote anayetoka ng'ambo ya mpaka kuomba kazi asimame kwanza juu ya mizani ile, ajibu maswali akiwa hapo hapo. Akisema kweli, mkono unatulia. Akitia chumvi, mkono unaruka. Niliyaamini haya nikiwa na cheti cha shule ya usiku mfukoni, kimeandikwa kwa Kiingereza, kina muhuri mkubwa kama sahani ya pilau. Elimu haimzuii mtu kuwa mjinga. Humpa tu maneno mazuri zaidi ya kuueleza ujinga wake.

Yamenirudia haya yote mwaka huu, tulipomzika Mwalimu Lameki hapa Tunduma. Watu walikuwa wengi mno, nadhani nusu ya dunia, na nusu iliyobaki ilituma salamu. Baada ya maziko tulikaa uani kwenye matanga, sisi wazee tumefunikwa mablanketi kama magunia, nami nikawekwa karibu na mzee Zakaria wa Iyula, ambaye siku zile za ujana wetu alikuwa karani wa kamati ile ya shule. Mbele yetu walikaa kijana mmoja na mkewe, walimu wote wawili, wamerudi juzi tu baada ya kufundisha miaka kadhaa nchi za kusini. Walikuwa na bahasha ya karatasi zao na wasiwasi mwingi. Yule mke akauliza kwa heshima, "Shikamooni wazee. Mtu akitoka kufundisha nje, akija kuomba kazi nyumbani, aandike nini? Na akiitwa mbele ya hao wakubwa, aseme nini?" Mimi nikajibu kabla hajafunga mdomo, maana sijawahi kukutana na swali nikaliacha lipite na njaa. Nikawasimulia mwaka ule. Zakaria alisikiliza, akinywa uji.

Mwaka ule Mwingereza alikuwa bado anatawala pande zote mbili za mpaka, na Tunduma haikuwa hii ya leo yenye malori yaliyojipanga mpaka upeo wa macho. Palikuwa na barabara ya vumbi, kizuizi cha forodha, maduka machache ya Wahindi, na hoteli ya chai ya Mama Namwinga. Mimi na Lameki tulikuwa tumeshuka kutoka migodini kila mtu na sanduku lake la bati. Kule mchana tulifanya kazi chini ya ardhi, jioni tulisoma shule ya usiku ya kompaundi, kambi ya wachimbaji, na tulipofaulu tukapewa darasa la wanaoanza tuwafundishe. Ndipo nilipoonja ualimu, na tangu hapo shimo likanishinda. Nilikula kiapo kwamba sitaingia tena chini ya ardhi mpaka siku nitakayozikwa. Kiapo kizuri, ila kilihitaji kazi ya kukilinda, na kazi ya ualimu iliyosikika pande zile ilikuwa moja tu, kwenye shule ya misheni kule Iyula. Nikiikosa, njia iliyobaki ilikuwa ni lori la kurudi mgodini.

Nakikumbuka chumba kile cha Mama Namwinga kuliko ninavyokumbuka nyumba niliyolala jana. Kuta za udongo zilibandikwa magazeti ya Rodeshia, hivyo ukinywa chai unasoma habari za farasi walioshinda mbio wewe ukiwa bado hujazaliwa. Jiko lilikuwa nyuma ya pazia la gunia, na kila pazia liliposogea ilikuja harufu ya maharage na moshi wa kuni mbichi. Ugali wake wa ulezi ulikuwa mweusi na mgumu. Ungeweza kujengea daraja. Mtu akiingia kutoka ng'ambo, Mama Namwinga alimkaribisha kwa Kibemba, "Mwaiseni mukwai!", akitoka bara anamkaribisha kwa Kinyiha, na asipolipa anamtukana kwa Kinamwanga, lugha yake na yangu, ambayo kwa matusi naweza kuapa haina mpinzani. Mabenchi yalijaa kutwa: wauza mahindi, madereva, wenye ndugu kila upande. Wote walizungumza kwa pamoja na wote walisikia kila kitu.

Hapo ndipo tulipoandika barua zetu za kuomba kazi. Lameki alikuwa na mwandiko mzuri na moyo mkubwa kuliko wangu, ndiyo kusema alinizidi hata mimi kwa kutia chumvi, na wanaonifahamu wataelewa hilo ni jambo gani.

"Andika kwamba ulikuwa hedimasta," akaniambia.

"Lakini hedimasta alikuwa yule Mnyasa mnene."

"Yule Mnyasa anaomba kazi Iyula?"

"Haombi."

"Basi cheo chake kimekaa bure. Kiazime. Funguo za shule alishika nani?"

"Mimi."

"Mwenye funguo ndiye mwenye nyumba. Andika. Wanafunzi?"

"Wachache. Na wengine walikuwa wanasinzia."

"Waliosinzia usiwataje, utawaamsha. Andika mamia. Hesabu na waliopita dirishani."

Tukaendelea hivyo. Kwa kuwa niliimba besi kwenye kwaya, nikawa mwalimu wa muziki. Kiingereza changu cha mgodini, cha kusema nyanyua, sukuma, angalia kichwa chako, kikawa "Kiingereza cha kila namna". Mama Namwinga alipita na sufuria, akasimama, akasikiliza.

"Nyie watoto, mnaandika barua au mnasonga ugali? Maana naona mnaongeza unga tu."

"Mama, hivi ndivyo wanavyoandika Wazungu," Lameki akamjibu.

"Na Wazungu huwa wanaitwa wakaulizwa?"

Lameki akacheka, kisha akanigeukia kwa ukali wa mwalimu. "Na ukifika mbele ya kamati, usiseme kamwe 'sijui'. Neno hilo liache forodhani." Tukakunja barua zetu, yake na yangu, tukampa dereva mmoja aliyekuwa anapandisha njia ya Mbozi.

Aliitwa Lameki kwanza. Aliondoka na kofia mpya, kiatu kinang'aa kiasi cha kumulika njia. Akarudi siku chache baadaye, kofia ameishika mkononi, akaketi kwenye benchi letu, akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Namna ile ya kukoroga iliniambia yote. Nikamwuliza habari, akasema watamjulisha. Hapo hapo moyo wangu ulianza kufungasha sanduku la kurudi mgodini. Kama Lameki ameshindwa, Lameki aliyeweza kumuuzia kuku yai lake mwenyewe, mimi nitapita wapi?

"Wana mizani, ndugu yangu," akasema, akiwa bado anakoroga.

"Mizani ya nini?"

"Ya kahawa. Lakini inajua." Ndipo akanieleza: jukwaa, mkono, mawe kwenye magunia, kahawa iliyoloweshwa, na amri ya kamati kuhusu watu wa Rodeshia.

"Nawe ulipanda?"

"Nilipanda."

"Ikawaje?"

"Nilipotamka hedimasta, mkono uliruka ukagonga paa."

"Yesu wangu!" Mama Namwinga akadondosha mwiko. Muuza mahindi mmoja akasema hata yeye amewahi kuisikia, ni mizani iliyotengenezwa Ulaya kwa ajili ya mahakama, ikapotea njia. Dereva akaongeza kwamba kuna mkulima ilimtaja jina. Kufikia jioni Tunduma yote ilikuwa inaijua, na kila aliyeijua aliiongezea kilo.

Lameki akaniinamia, akazungumza chini chini, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Wewe ukienda, punguza. Kama ni funguo, sema funguo. Hata 'sijui' unaweza ukaisema. Nimeiona ile mizani kwa macho yangu, usicheze nayo." Nikamwambia barua yangu imeshaondoka na lori, na ndani yake mimi ni hedimasta wa mamia. Akasema, "Barua ilipanda lori. Kwenye mizani utapanda wewe."

Nami nilipoitwa, nilifika Iyula na baridi ambayo ingeweza kumgandisha shetani, sanduku kichwani, baada ya kuliacha lori barabarani na kutembea kati ya mashamba ya mahindi na mibuni. Wageni wa kamati walilala nyumbani kwa karani, yaani kwa Zakaria huyu huyu ambaye sasa ana blanketi, wakati huo akiwa kijana mwenye mabega kama mlango. Alinipokea kwa kupiga makofi taratibu na kuinama, nami nikapiga, maana hata ukikaa Rodeshia miaka mia viganja havisahau. Hakuniuliza kilichonileta. Huo ndio ustaarabu wa pale: mgeni kwanza ale, alale, ndipo mambo. Mkewe aliandaa ugali, maharage yaliyoungwa na maboga, na maziwa ya mgando yaliyosimamisha kijiko. Nilikula kama mtu anayeagana na chakula. Kisha nikatoka uani kunawa, ukuta wa jiko ukawa karibu, na sikio langu halijui kufukuzwa.

"Huyu naye ni hedimasta?" mkewe alikuwa anauliza.

"Ndivyo barua inavyosema."

"Mahedimasta wa Rodeshia wanaota kama uyoga."

"Tutajua kesho."

"Mtajuaje?"

"Tutamwuliza tu, tuone."

Nilisimama pale na maji yakinitiririka kwenye viwiko. Wataniuliza tu, waone! Waone wapi, kama si kwenye mkono wa mizani?

Asubuhi, kwa sababu darasa lilikuwa linakandikwa upya, kamati ilikaa kwenye ghala la kahawa. Niliingia nikapigwa na harufu ya magunia na ya buni iliyokauka. Kulikuwa na meza, na nyuma yake mchungaji mwenye ndevu nyeupe, Bwana Mkaguzi, ambaye alikuwa Mzungu mwenye kiko, na Zakaria na kalamu yake. Na kati ya meza na mlango, karibu zaidi na mlango, nikaiona ile mizani. Ndefu, nyeusi, mkono wake ukichezacheza wenyewe bila kuguswa na mtu. Mchungaji akasema, "Karibu, Mwalimu," akanyoosha mkono kuelekea upande wangu. Nami nikavua viatu, nisije nikapimwa na uzito usio wangu, nikapanda jukwaani, nikasimama wima kama mlingoti wa bendera.

Bwana Mkaguzi alitoa kiko mdomoni. Mchungaji alimtazama Zakaria. Zakaria aliitazama karatasi yake kwa bidii. Kisha mchungaji akakohoa, akafungua barua yangu.

"Barua inasema ulikuwa hedimasta."

Niliutazama mkono wa mizani. Ulikuwa unapanda na kushuka. "Nilishika funguo," nikasema.

"Funguo?"

"Nilifungua mlango, nikawasha taa, nikapanga mabenchi, na nikafundisha darasa la wanaoanza. Hedimasta alikuwa Mnyasa."

Nikakaza magoti, mkono ukatulia. Nilipoona umetulia nikapata nguvu za ajabu. Sijui kama mfalme siku ya kutawazwa huwa na nguvu kama zile. Wakauliza kuhusu mamia ya wanafunzi. Nikasema walikuwa wachache, wanakuja wamechoka na kazi ya shimoni, na waliosinzia niliwaamsha kwa kuwauliza habari za wake zao. Na wote waliobaki mpaka mwisho waliweza kusoma wenyewe barua zinazotoka nyumbani, bila kumpa mtu mwingine siri zao. Wakauliza kuhusu muziki. Nikasema naimba besi, lakini nikiachwa peke yangu napotea. Bwana Mkaguzi akacheka, akauliza kwa Kiswahili cha polepole, "Watoto wa hapa wakija darasa la kwanza wana Kinyiha tu. Utawafundishaje?"

"Sijui," nikasema, na neno lile halikuniuma hata kidogo. "Kinyiha changu ni cha sokoni. Nadhani nitawaomba wanifundishe kwanza. Watanicheka, na mtoto akicheka amekwisha fungua mdomo."

Mwisho mchungaji akaiweka barua chini. "Tukikupa kazi, mwakani hutarudi Rodeshia? Huko wanalipa vizuri."

"Mkininyima, nitarudi, maana sina njia nyingine, na lori linaondoka Ijumaa," nikasema. "Mkinipa, sishuki tena chini ya ardhi mpaka nizikwe."

Mkono wa mizani ulisimama kama umepigwa msumari. Wakaniambia nitoke nikanywe chai, na chai ile sikuinywa, niliishika tu inipashe vidole. Zakaria alipotoka alikuwa amebeba viatu vyangu, ambavyo nilivisahau. Akasema, "Vaa, Mwalimu. Utafundishaje Jumatatu ukiwa pekupeku?"

Nimefundisha tangu siku ile mpaka nywele zimehama kichwa. Nimewafundisha watoto, na watoto wa watoto, na nina hakika kama ningewapanga mstari ungefika Mbeya na kurudi. Lameki naye alipata kazi mwaka uliofuata upande wa Mbangala, na kila tulipokutana hatukukosa kuikumbuka mizani. Yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa na kubadilisha mazungumzo. Nami kila mwalimu aliyerudi kutoka nje akaniomba ushauri, nimempa ushauri mmoja: barua yako ya kazi iandike kana kwamba utaulizwa kila neno ukiwa umesimama juu ya mizani ya Iyula. Ng'ambo kunakuza vyeo, kwa sababu hakuna anayekujua. Nyumbani shemeji yako yumo kwenye kamati.

Hayo ndiyo niliyowaambia wale wawili pale matangani. Nikaomba karatasi ya yule kijana, nikavaa miwani.

"Umeandika hapa uliongoza idara."

Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama pembeni.

"Nilikuwa napanga ratiba, babu."

"Na ratiba zako ziligongana?"

"Hata mara moja."

"Basi andika hivyo. Idara mwachie mwenyewe." Mke akacheka mpaka akafunika uso kwa khanga, akachukua kalamu, akaanza kukata mistari ya mumewe bila huruma. Nami nikajiona nimemaliza kazi ya siku, nikamgeukia Zakaria, aniunge mkono kuhusu ile mizani ya ajabu, iliyotuchuja sisi wawili ikamrusha Lameki mpaka kwenye paa.

Zakaria aliweka kikombe cha uji chini.

"Mwalimu," akasema, "mizani ile ilikuwa ya kahawa. Haijawahi kumpima mtu. Mkono wake ulikuwa umelegea, ulichezacheza kila upepo ulipoingia mlangoni."

"Lameki alipanda!"

"Lameki alikaa kwenye kiti. Kiti hicho hicho tulikuwekea na wewe, kilikuwa nyuma ya mlango. Mchungaji alikuonyesha kwa mkono."

"Mbona hamkuniambia nishuke?"

"Ulikuwa mgeni. Mgeni akikaa pabaya, sisi hatumsahihishi."

Nilitazama upande wa kaburi, ingawa kwa pale tulipokaa halionekani. "Sasa yeye aliyatoa wapi yale yote?"

"Hayo siyajui. Mimi siku ile nilimsindikiza mpaka barabarani. Nikamwambia, tuna barua mbili, yako na ya mwenzako, zote za shule moja ya mgodini, na kila moja ina hedimasta wake. Wewe kazi umeikosa. Mwenzako akija, mwambie aseme kweli."